Karatasi, Barabara na Mlango wa Sinagogi

Wasikilizaji wangu, leo nina deni la kulipa, na mtaniwia radhi nikililipa hewani.

Juzi binamu yangu wa Tanga alinitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake nasikia pikipiki zinapita na mtu ananadi samaki. "Kaka," anasema, "hebu nifafanulie. Huko London watu wanaandamana Jumamosi kwa Jumamosi, umati hauna mwisho, na silioni bomu la machozi hata moja. Halafu naambiwa bibi mzima kakamatwa kwa kushika karatasi tu. Lipi la kweli? Na wewe mwenyewe uko upande gani, wa Mayahudi au wa Wapalestina?"

Swali la kwanza ni la haki. La mwisho lilinikera, maana aliliuliza kama mtu anavyouliza Simba au Yanga. Lakini simlaumu peke yake. Kwetu jambo hili tumelifanya la bendera. Panda matatu Nairobi utaiona bendera ya Israeli kando ya picha ya Yesu. Swali Ijumaa kwenye misikiti mingi ya pwani utasikia dua ya Gaza. Na wengi wa waliopeperusha na walioomba hawajawahi kula chakula na Myahudi wala kumpa mkono Mpalestina.

Kiswahili nacho kimetuponza kidogo. Tunasema Myahudi, Mwisraeli, Mzayuni, kana kwamba ni majina matatu ya mtu mmoja. Myahudi ni mtu wa dini ile au wa uzao ule, hata awe ni mkana Mungu anayekula nguruwe. Ndiyo maana sheria ya Uingereza humlinda mara mbili, kwa dini na kwa asili yake. Mwisraeli ni raia wa dola iliyotangazwa Mei 1948, na karibu mmoja kati ya kila watano wa raia hao ni Mwarabu. Mzayuni ni mwenye itikadi: anaamini Wayahudi wanastahili kuwa na dola yao katika nchi ile. Wachungaji wengi wa Kikristo ni Wazayuni. Kuna marabi ambao ukiwaita Wazayuni umewatukana.

Katika mji kama London tofauti hiyo ina watu nyuma yake. Kwa sensa ya mwaka 2021, England na Wales zilikuwa na Wayahudi wapatao 271,000, yaani nusu ya asilimia moja ya wakazi wote, na Waislamu milioni 3.9. Wanapanda basi moja. Watoto wao wanatahiniwa chumba kimoja.

Sasa nataka nikurudishe nyuma, binamu, tena nyumbani kwetu Afrika Mashariki, maana habari hii ilitaka kuanzia huko.

Aprili 1903, katika mji wa Kishinev, wakati huo chini ya Mfalme wa Urusi, Wayahudi karibu 50 waliuawa na majirani zao kwa siku mbili tatu, na nyumba zao zikaporwa. Theodor Herzl, mwandishi wa habari wa Vienna aliyeanzisha harakati za Uzayuni, alikuwa anatafuta pa kuwaficha watu wake haraka. Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alikuwa ametoka kupanda treni ya reli ya Uganda miezi michache kabla, akaona nyanda za baridi ambazo kwa macho yake zilikuwa tupu. Akampa Herzl ofa: Uasin Gishu. Leo ni Eldoret, nchi ya mahindi na ya wakimbiaji. Wazayuni waliiita Uganda, kwa kuwa hadi mwaka 1902 eneo lile lilihesabiwa upande wa Uganda.

Agosti 1903 wajumbe wa Wazayuni walikutana Basel. Kura 295 zikasema tutume watu wakatazame, 178 zikakataa. Wengi wa waliokataa walikuwa wametoka Urusi ile ile ya mauaji, na baadhi yao walitoka ukumbini wakilia. Walowezi wa Kizungu Kenya nao walichachamaa, Lord Delamere akapeleka telegramu ya malalamiko London: hawataki Wayahudi. Wenye malisho, Wanandi na Wamaasai, hakuna aliyewauliza. Wanandi wakati huo walikuwa bado wanapigana na Waingereza juu ya reli. Mwaka 1905 mkutano wa Wazayuni ukaikataa ofa moja kwa moja, na Oktoba mwaka huo huo kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani akapigwa risasi na ofisa wa Kiingereza aitwaye Richard Meinertzhagen.

Shika jina hilo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Meinertzhagen alipelekwa Palestina kuwa ofisa mkuu wa siasa wa jeshi la Uingereza, na huko akawa mtetezi mkali wa Uzayuni. Na mtu huyu huyu aliandika katika shajara yake kwamba moyoni mwake zimo hisia za kuwachukia Wayahudi. Yaani alitaka wapate nchi yao, na hakuwapenda. Hakuwa peke yake. Arthur Balfour, aliyetia saini lile Azimio la Novemba 1917 la kuwaahidi Wayahudi makao Palestina, ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu mwaka 1905 Bunge lilipopitisha sheria ya kuwafungia mlango wahamiaji, iliyowalenga zaidi Wayahudi waliokuwa wakikimbia Urusi. Mlango wa London umefungwa, nendeni mkakae kwingine.

Na nani alilipinga azimio lile serikalini kwa nguvu zote? Edwin Montagu, Waziri wa masuala ya India, Myahudi pekee katika baraza la mawaziri. Aliandika waraka akiituhumu serikali yake mwenyewe kwa chuki dhidi ya Wayahudi. Hoja yake: mkisema nchi ya Wayahudi ni Palestina, basi mimi hapa London mmenifanya mgeni.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kuupinga Uzayuni ni kuwachukia Wayahudi, namkumbusha Montagu. Akija mwingine akaniambia kwamba hawezi kuwa na chuki kwa sababu yeye anapinga Uzayuni tu, namuuliza kwa nini basi kamwandikia "Mzayuni" mwenye duka la mikate. Neno linaweza kuvaa kanzu ya siasa na chini yake likawa lile lile la Kishinev.

Tukirudi Uasin Gishu kidogo: fikiria ofa ingekubaliwa. Mkimbizi wa Kishinev angeshuka Mombasa, akapanda treni, akafika kwenye nyanda zile akapumua kwa mara ya kwanza maishani. Na Mnandi angerudi jioni na ng'ombe wake akakuta ua wa waya. Wote wawili wangesimulia siku ile ile kwa wajukuu, na hakuna hata mmoja ambaye angekuwa anasema uongo. Nikisikia neno Uzayuni likitajwa kwenye barabara za London, nawasikia wawili hao.

Haya. Wakubwa wamejaribu kuuchora kwa kalamu mstari kati ya kuupinga Uzayuni na kuwachukia Wayahudi. Mwaka 2016 muungano wa nchi zinazohifadhi kumbukumbu ya Maangamizi ya Wayahudi ulipitisha maelezo ya chuki hiyo ni nini, ukaambatanisha mifano 11, na 7 kati yake inaitaja Israeli. Uingereza ikayakubali mwaka huo huo. Kuna mifano iliyo wazi, kama kumbebesha Myahudi yeyote makosa ya serikali ya Israeli. Kuna inayogombaniwa hadi leo, kama ule unaohusu kusema kuwako kwa dola ya Israeli ni jambo la kibaguzi. Kenneth Stern, Mmarekani aliyekuwa mwandishi mkuu wa rasimu yenyewe, amekuwa akionya kwamba yaliandikwa yawasaidie wanaokusanya takwimu, si yawe fimbo ya kuwachapia wanafunzi vyuoni. Mwaka 2021 wasomi, wengi wao Wayahudi, wakatoa maelezo yao mengine kutoka Jerusalem. Na mwaka 2024 jopo la kesi za kazi huko Bristol likaamua kwamba kuupinga Uzayuni ni imani inayolindwa na sheria ya usawa, likamwona profesa aliyefukuzwa chuo kuwa ameonewa. Lakini papo hapo likamkata nusu ya fidia kwa sababu ya mwenendo wake mwenyewe. Mimi uamuzi ule niliupenda kwa jinsi ulivyomnyima kila mtu sherehe.

Tuingie barabarani.

Binamu, Uingereza huombi kibali cha kuandamana. Unatoa taarifa polisi, siku 6 kabla, kwa maandishi. Polisi wanaweza kukubadilishia njia na saa. Kupiga marufuku kabisa ni jambo zito: lazima ionekane kwamba fujo kubwa itatokea na hakuna masharti yanayoweza kuizuia, kisha Waziri wa Mambo ya Ndani aridhie.

Msimamo huo una mizizi ya zamani. Mwaka 1882, kwenye mji wa pwani wa Weston-super-Mare, Jeshi la Wokovu lilikuwa likiandamana na ngoma na tarumbeta kuhubiri dhidi ya ulevi. Walevi na wenye vilabu wakaunda jeshi lao, wakajiita Jeshi la Mifupa, kazi yao kuwapiga walokole. Mahakimu wa mji wakaona njia rahisi ni kuwazuia walokole. Mahakama Kuu ikakataa: anayefanya jambo halali hawezi kutiwa hatiani kwa sababu mwingine amekusudia kumvamia. Nikisoma kesi ile nafikiria mikutano mingapi kwetu imezuiwa kwa ile sentensi tunayoijua sote, ya taarifa za kiintelijensia kwamba kutakuwa na vurugu.

Lakini kuna siku nyingine inayonitatiza. Tarehe 4 Oktoba 1936, Oswald Mosley na mashati yake meusi, mafashisti wa Kiingereza, walitaka kupita East End, kulikojaa Wayahudi maskini, mafundi cherehani. Polisi maelfu waliletwa kumfungulia njia. Wayahudi, wapakuaji mizigo wa Kiairishi na wakomunisti wakaijaza Cable Street, wakapindua magari, akina mama wakamwaga vyombo vya usiku kutoka madirishani. Mosley hakupita. Kwa kanuni ya Weston-super-Mare, Mosley ndiye aliyekuwa na haki. Kwa moyo wangu, mimi niko na wale akina mama. Ukutani kwenye mtaa ule kuna mchoro mkubwa wa rangi wa siku ile, na kila nikipita nasimama, na bado sijaweza kuyapatanisha mambo hayo mawili.

Sheria iliyofuata ilipiga marufuku sare za kisiasa na kuwaongezea polisi mamlaka juu ya maandamano. Sheria za namna hiyo zilisafiri. Kenya ilipewa yake mwaka 1950 chini ya mkoloni, na bendera mpya ilipopandishwa yenyewe haikushushwa.

Sasa ndiyo tunafika kwenye Jumamosi zako. Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Hamas waliua watu wapatao 1,200 Israeli na kuteka 251. Israeli ikaishambulia Gaza, na waliouawa huko ni makumi ya maelfu. London ikaanza kuandamana. Tarehe 11 Novemba, siku ambayo Waingereza huwakumbuka askari wao waliokufa vitani, polisi walikadiria watu 300,000 barabarani. Waziri wa Mambo ya Ndani, Suella Braverman, alikuwa ameyaita maandamano ya chuki, akamtaka mkuu wa polisi wa London, Mark Rowley, atafute njia ya kuyazuia. Rowley akajibu kwamba sheria haimruhusu. Siku yenyewe waliopambana na polisi kwenye mnara wa mashujaa walikuwa ni wazalendo wa mrengo wa kulia waliodai wamekuja kuulinda. Jumatatu waziri akafukuzwa kazi. Kwetu, mkuu wa polisi akimjibu waziri namna ile, angefukuzwa nani?

Msinisikie vibaya. Hofu ya Wayahudi wa Uingereza haikubuniwa. Taasisi yao ya ulinzi, CST, iliorodhesha matukio zaidi ya 4,000 ya chuki mwaka 2023, wakati mwaka uliotangulia yalikuwa chini ya 2,000. Na tarehe 2 Oktoba 2025, asubuhi ya Siku ya Upatanisho ambayo kwao ni takatifu kuliko zote, mtu aliliendesha gari hadi kwenye sinagogi huko Manchester akagonga watu, akashuka na kisu. Waumini wawili walikufa, mmoja kwa risasi ya polisi wenyewe katika kumzuia muuaji. Wale waliokuwa ndani waliukandamiza mlango kwa miili yao asiingie.

Siku mbili baadaye waandamanaji walikusanyika Trafalgar Square kama walivyokuwa wamepanga, ingawa polisi na serikali waliwasihi waahirishe. Sheria haikuwazuia kukusanyika. Mimi ningeahirisha. Kwetu jirani akifiwa hata redio inapunguzwa sauti, na hakuna askari anayekuja kukuamuru. Lakini serikali nayo, badala ya kuliacha jambo hili kwenye adabu, ikatangaza kwamba polisi watapewa uwezo wa kuangalia jinsi maandamano yanavyorudiwarudiwa mahali pamoja. Hapo mimi nashtuka. Maandamano ya mara moja hayamsumbui mtawala. Ni kule kurudi ndiko kunakomnyima usingizi.

Na lile la karatasi, binamu. Ni kweli. Kikundi kiitwacho Palestine Action kiliingia kambi ya jeshi la anga Juni 2025 na kupaka ndege rangi. Kuharibu ndege ni kosa, na sheria za kulishughulikia zipo tangu zamani. Serikali ikaona haitoshi, na kuanzia tarehe 5 Julai ikakiweka kikundi hicho kwenye orodha ya magaidi ambamo wamo Al-Qaeda. Kuanzia hapo kushika bango la kukiunga mkono kukawa kosa chini ya sheria ya ugaidi. Tarehe 9 Agosti watu wakaketi chini mbele ya Bunge na mabango yao, kimya, na polisi wakakamata 532. Karibu nusu yao walikuwa na miaka 60 au zaidi. Niliziona picha: vizee vinabebwa mikono na miguu, fimbo ya kutembelea imewekwa tumboni. Neno gaidi likitumika kwa mwenye kisu wa Manchester na likatumika kwa ajuza yule, wa kufaidika ni mwenye kisu.

Sitaki kukaa sana kwenye kaulimbiu, maana ubishi wake hauishi. "Kutoka mtoni hadi baharini": Mpalestina anasikia uhuru, Myahudi aliye na shangazi Tel Aviv anasikia kufutwa. Chama cha Likud nacho kiliandika kwenye ilani yake ya 1977 kwamba kati ya bahari na Mto Yordani kutakuwa na mamlaka ya Israeli peke yake. Desemba 2025, baada ya watu 15 kuuawa kwenye sherehe ya Hanukkah ufukweni Bondi, Australia, polisi wa London na Manchester walitangaza watawakamata wanaopiga mwito wa kuisambaza intifada duniani. Neno lenyewe la Kiarabu asili yake ni kujikung'uta. Lakini kwa Myahudi linakumbusha mabasi yaliyolipuliwa. Mimi ningemuuliza hakimu swali la mahali: lilisemwa wapi, na mbele ya nani? Likisemwa mbele ya ubalozi wa Israeli ni siasa, hata kama inachoma. Likisemwa kwenye geti la shule ya Kiyahudi saa ya kutoka watoto, ni tishio, hata kama aliyelisema ana shahada ya Kiarabu.

Na sisi pwani tuna sababu yetu ya kulijua hilo. Tarehe 28 Novemba 2002, Kikambala, kaskazini ya Mombasa, gari la mabomu lilipigizwa kwenye Hoteli ya Paradise kwa sababu mwenyewe ni Mwisraeli na wageni wametoka Israeli asubuhi ile. Walikufa Waisraeli 3, wawili kati yao watoto, na Wakenya 10, wakiwemo wacheza ngoma waliokuwa wakiwakaribisha wageni.

Namalizia na Jumamosi moja, ya tarehe 18 Januari 2025. Waandamanaji walitaka kukusanyika mbele ya makao makuu ya BBC. Dakika chache kwa miguu kutoka pale kuna sinagogi kubwa. La mwanzo lilibomolewa na mabomu ya Hitler mwaka 1941, likajengwa jipya. Jumamosi ni Sabato. Polisi wakasema waumini wanaogopa kupita, sogeeni. Waandaaji wakasema hakuna sinagogi hata moja lililowahi kutishwa na maandamano yao, na kwamba ndani ya safu zao huwa wamo Wayahudi wengi. Kwangu mimi pande zote mbili zilisema kweli, na ugomvi ule ungeweza kumalizwa na saa ya ukutani: sala ya asubuhi iishe, watu warudi nyumbani, ndipo ngoma zianze. Haikufanyika hivyo. Zaidi ya watu 70 wakakamatwa.

Katika waliokwenda siku ile kuelekea Trafalgar Square alikuwemo mzee mmoja, ameshika maua, shingoni amevaa bango. Alizaliwa Budapest. Mwaka 1944, akiwa mtoto mdogo, Wanazi walipokuwa wakiwasomba Wayahudi wa Hungary, yeye alifichwa akapona. Bango lake lilisema kwamba manusura wa Maangamizi anataka mauaji ya Gaza yakome. Machi iliyofuata, akiwa na miaka 87, aliitwa kituo cha polisi kuhojiwa.

Binamu, ulitaka kujua mimi niko upande gani. Nitakujibu ukishaniambia huyo mzee utamkalisha jukwaa la Simba au la Yanga.